Dhanio Lisilotamkwa: Mjadala wa Kiswahili Uganda Ukitazamwa kutoka Busia na Tororo

Wanafunzi wanapofanya mitihani ya kuhakiki hoja, swali linalowatatiza zaidi ni lile linalowataka wataje jambo ambalo mwandishi amelichukulia kuwa kweli bila kulisema. Wengi hunakili maneno yaliyomo katika kifungu, ilhali jibu ni lile ambalo halikuandikwa. Katika makala haya tunakusudia kulifafanua suala hili kwa kutumia historia iliyo karibu nasi, yaani mabishano kuhusu nafasi ya Kiswahili nchini Uganda. Tumechagua kuyatazama kutoka mpakani, Busia na Tororo, kwa sababu hapo madhanio ya pande zote mbili yanaweza kupimwa.

Dhanio ni nini?

Tuanze na mfano rahisi: "Mawingu yametanda, kwa hivyo mvua itanyesha." Msingi wa hoja ni mawingu; hitimisho ni mvua. Kinachoviunganisha hakikutajwa: kwamba mawingu haya ni ya mvua. Hilo ndilo dhanio. Ili kulitambua, likanushe. Ukisema kwamba mawingu haya si ya mvua, hoja inaanguka. Ukikanusha kauli fulani na hoja ikabaki imesimama, basi hukupata dhanio, umepata maelezo ya ziada tu. Na ukitaka kuiimarisha hoja, litaje dhanio waziwazi kisha ulitafutie ushahidi.

Mabishano ya 1927 hadi 1931

Mwaka 1927, Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda, kwa kufuata mfano wa Tanganyika. Hoja yake ilitegemea dhanio kwamba Uganda haikuwa na lugha iliyokwisha kufanya kazi hiyo. Katika Buganda dhanio hilo halikusimama. Luganda kilikuwa na maandishi, shule na Biblia kamili tangu 1896.

Mwaka 1929, Kabaka Daudi Chwa alitoa waraka akipinga mpango wowote ambao ungekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Waganda kwa hasara ya lugha yao. Mwaka 1931, Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, aliutetea msimamo huo jijini London mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza muungano wa makoloni ya Afrika Mashariki. Hapa kuna madhanio mawili. La kwanza ni kwamba lugha moja ikiingia, nyingine hutoka. La pili ni kwamba kukubali lugha ya pamoja ni hatua ya kukubali serikali ya pamoja, nayo ingetawaliwa na masetla wa Kenya. Dhanio la pili halikuwa la kipuuzi. Katika miaka hiyohiyo Tume ya Hilton Young ilikuwa imezunguka eneo hili ikichunguza muungano huo.

Sasa tulipeleke dhanio la kwanza Tororo. Huko wenyeji ni Wadhopadhola na Iteso, na upande wa Busia wako Wasamia. Kwao Luganda nacho kilikuwa kigeni. Kilifika mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na Semei Kakungulu na mawakala wake, kikawa lugha ya utawala na kanisa. Kwa hiyo hoja kwamba watu watawaliwe kwa lugha yao wenyewe, ikifikishwa Tororo, inatetea Dhopadhola na Ateso, haikitetei Luganda. Tena, reli kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilipofika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ilileta Kiswahili cha kazi na biashara, na hadi leo Dhopadhola kinazungumzwa majumbani. Lugha mpya si lazima iifukuze ya zamani.

Wapo pia wanaosema kwamba Kiswahili ni cha Wakenya. Wanadhania kwamba mpaka ni wa kale. Hadi mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika Naivasha. Aprili mwaka huo ukahamishiwa himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Iteso wakajikuta wamegawanywa pande mbili.

Hoja yetu wenyewe

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kujipima kwa kipimo hichohicho. Mara nyingi tunasema: "Kiswahili kinazungumzwa mpakani, kwa hivyo kifundishwe shuleni Uganda." Ushahidi upo. Utafiti wa lugha uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba takriban asilimia 35 ya Waganda, kwa maana ya wananchi wote wa Uganda, waliweza kuzungumza Kiswahili. Neno bodaboda, lililozaliwa na baiskeli zilizovusha abiria mpakani, limeenea kote Afrika Mashariki bila amri ya mtu. Hata hivyo, mpinzani atauliza: kama kinazungumzwa tayari, mwalimu wa nini?

Swali hilo linafichua dhanio letu, kwamba Kiswahili cha sokoni hakitoshi. Basi tulitaje na kulitetea. Kiswahili cha sokoni kinatosha kupatana bei. Hakimtoshi mchuuzi anayetaka kuandikiana mkataba na mwenzake wa ng'ambo, au kueleza dai lake kwa ufasaha mbele ya ofisa wa nchi ya pili, hasa sasa ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi pamoja katika kituo cha Busia kilichozinduliwa rasmi 2018. Utafiti uleule ulionyesha pia kwamba wanaume waliokijua walikuwa takriban asilimia 52, lakini wanawake 18 tu. Barabara na kazi vilimfundisha mwanamume. Mwanamke aliyebaki nyumbani hakufundishwa na mtu. Shule ndiyo ingeweza kuliziba pengo hilo. Hoja ikisemwa hivyo, ni vigumu zaidi kuipinga.

Matamko ya serikali nayo yana dhanio lake. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kuwa kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kila mara ilidhaniwa kwamba lugha ikitangazwa, walimu na vitabu vitapatikana. Likanushe dhanio hilo, na utaona kwa nini matamko hayo yalihitaji kurudiwa.

Kwa walimu wenzetu, tunapendekeza zoezi lifuatalo darasani. Chukueni hoja moja kati ya hizi, mwanafunzi ataje msingi na hitimisho, atafute dhanio, alikanushe, kisha aiandike hoja upya akiwa amelitaja na kulitolea ushahidi. Aanze na hoja anayoipenda mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye madhanio ambayo hajapata kuyaona.