Mtaalamu wa sera akipewa chumba chuo kikuu, nani humchagua?

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani na Uingereza wamo watu ambao asubuhi huonekana maktaba na mchana kwenye kumbi za mihadhara, ilhali si wanafunzi wala si wahadhiri wa kudumu. Hao ni mawaziri waliotoka madarakani, makatibu wa wizara, washauri wa marais, mameya na viongozi wa mashirika ya haki za binadamu. Hukaribishwa kwa muhula mmoja au mwaka mzima, hupewa chumba cha kazi, kadi ya maktaba na mara nyingi posho ya kujikimu. Muda ukiisha huondoka bila shahada. Utaratibu huo ndio tunaouita hapa ukaazi wa chuo.

Chuo Kikuu cha Harvard kiliujaribu kwanza kwa wanahabari. Mwaka 1938, kwa fedha za wasia wa Agnes Wahl Nieman, mjane wa mwenye gazeti la Milwaukee Journal, kilianza kuwaalika waandishi waliokwisha bobea wakae mwaka mmoja wakisoma walipendalo. Mwaka 1966 kikafungua Taasisi ya Siasa kwa kumbukumbu ya Rais John F. Kennedy, aliyeuawa mwaka 1963. Mkaazi wa taasisi hiyo hukaa muhula mmoja na kila wiki huongoza mjadala wa wanafunzi usio na mtihani wala alama. Wanafunzi huja kwa hiari yao, nao wakichoshwa huacha kuja, jambo ambalo waziri aliyezoea kupigiwa makofi hulionja labda kwa mara ya kwanza.

Serikali ya Marekani nayo iliingia mwaka 1978, chini ya Rais Jimmy Carter, ilipoanzisha ufadhili wenye jina la aliyekuwa Makamu wa Rais, Hubert Humphrey. Huo ulilenga watumishi wa umma na wataalamu walio katikati ya safari yao ya kazi kutoka nchi zinazoendelea, Afrika Mashariki ikiwamo. Walikaa takriban miezi kumi, wakichanganya masomo na mafunzo ya kazini, tena bila kutunukiwa shahada. Chuo Kikuu cha Boston kilipanda ngazi ya juu zaidi: kati ya 2002 na 2004 kilimkaribisha Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, katika mpango wa marais wastaafu wa Afrika ulioasisiwa na Charles Stith, aliyewahi kuwa Balozi wa Marekani nchini Tanzania.

Msomaji anaweza kudhani kwamba huu ni mapumziko ya wakubwa tu. Mara nyingine ndivyo ulivyo. Lakini mkasa wa John Githongo wa Kenya waonyesha kwamba chumba cha chuo chaweza kuwa na uzito mwingine kabisa.

Githongo, aliyekuwa mwanahabari na kiongozi wa tawi la Kenya la Transparency International, aliteuliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 kuwa Katibu wa Kudumu wa Utawala Bora na Maadili. Kazi yake ilimfikisha kwenye mikataba ya Anglo Leasing, ukiwamo ule wa mtambo wa kutengenezea hati za kusafiria. Februari 2005 alijiuzulu akiwa Uingereza, akihofia usalama wake. Chuo cha St Antony's, Oxford, kilimpokea. Akiwa huko alipanga kumbukumbu zake na kuandika taarifa ndefu kwa Rais, ambayo Januari 2006 ilifika katika kurasa za magazeti ya Nairobi. Siku chache baadaye Waziri wa Fedha, David Mwiraria, alijiuzulu huku akikana kosa lolote. Februari 2006 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma, chini ya uenyekiti wa Uhuru Kenyatta, ilisafiri hadi London kumhoji.

Oxford haikumfundisha Githongo namna ya kupambana na ufisadi, hilo alilijua. Kilichopatikana pale kilikuwa muda, utulivu na anwani yenye heshima, vitu ambavyo mtu aliyetoka serikalini kwa ghafla hana.

Heshima hiyo ndiyo inayozua ugomvi. Septemba 2017 Taasisi ya Siasa ya Harvard ilimtaja Chelsea Manning, askari aliyefungwa kwa kuvujisha nyaraka za siri, kuwa miongoni mwa wageni wake wa muda mfupi, pamoja na Sean Spicer, aliyekuwa msemaji wa Rais Donald Trump. Michael Morell, aliyewahi kuwa Naibu Mkurugenzi wa CIA, alijiuzulu wadhifa wake katika Shule ya Kennedy, na Mkurugenzi wa CIA wa wakati huo, Mike Pompeo, akafuta hotuba yake chuoni. Mkuu wa shule hiyo, Douglas Elmendorf, alimvua Manning cheo lakini akaacha mwaliko wa kuzungumza. Kwa maneno mengine, kusema ruksa, kuheshimiwa marufuku. Spicer alibaki na cheo chake.

Mkuu huyohuyo alirudi kwenye vichwa vya habari Januari 2023. Kenneth Roth, aliyeongoza Human Rights Watch tangu 1993 hadi 2022, alikuwa ameombwa na kituo cha haki za binadamu cha shule hiyo akae mwaka mmoja, lakini Elmendorf akakataa kuidhinisha. Roth alidai kwamba alinyimwa kwa sababu ya kuikosoa Israeli. Elmendorf alikana kwamba wafadhili walimshinikiza. Wanafunzi, wahitimu na wahadhiri walilalamika, na kabla mwezi haujaisha alitangaza kwamba alikosea na nafasi ikatolewa.

Mhadhiri wa kudumu hulindwa na ajira yake. Mkaazi hana kinga hiyo: mwaliko wake husimama juu ya sahihi moja, na posho hutoka kwa wafadhili au serikali ambao wana maslahi yao. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayefikiria kuomba nafasi ya aina hii afanye vyema kuuliza mapema nani anayelipa, nani anayeidhinisha, na kama yapo maandishi yanayosema atakachoandika akiwa pale ni mali ya nani.