Uwiano

Uwiano hutokana na kuwiana, na mtoto asiuchanganye na tofauti. Fundi huchanganya saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4. Husomwa moja kwa mbili kwa nne. Saruji ikiwa ndoo 2, mchanga huwa 4, kokoto 8. Mtoto anayejumlisha badala ya kuzidisha ataandika 2:3:5, na zege hilo si lile tena. Gumu zaidi ni hili: saruji ni robo ya kokoto, lakini katika mchanganyiko wote ni sehemu moja kati ya saba. Hapo wengi hukwama. Walimu, tuanze na ndoo na vikombe, mtoto apime mwenyewe, ndipo tuandike nukta pacha ubaoni.