Nasaba ya Elizabeth Tilley

Mwezi wa Novemba, mwaka 1620, merikebu Mayflower ilitia nanga katika pwani ya Amerika ya Kaskazini, nayo ilikuwa imechukua abiria wapatao mia moja waliokwenda kuanzisha makazi ya Plymouth. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka kumi na mitatu, jina lake Elizabeth Tilley. Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu ya wasafiri hao. Baba yake Elizabeth alikufa, mama yake akafa, ami yake na mkewe wakafa pia. Yeye akasalia yatima katika nchi ngeni.

Baadaye aliolewa na John Howland, kijana aliyevuka bahari akiwa mtumishi wa John Carver, gavana wa kwanza wa Plymouth. Wakajaliwa watoto kumi.

Miaka mingi ilipopita, wazao wao walitaka kujua bibi yao huyu alikuwa binti wa nani. Jibu lililoenea ni kwamba alikuwa wa damu ya Gavana Carver. Hadithi ilipendeza, maana nani hapendi kuwa na gavana katika ukoo wake? Katika karne ya 19 maneno hayo yalichongwa hata juu ya jiwe la kaburi la Howland, na jambo likishachongwa juu ya jiwe, ni wachache wanaothubutu kuliuliza.

Kumbe ushahidi ulikuwako. Gavana wa pili, William Bradford, alikuwa ameandika kwa mkono wake habari za makazi yale, pamoja na orodha ya waliokuja katika Mayflower. Maandiko hayo yalipotea kwa muda mrefu, yakaonekana Uingereza katika maktaba ya Askofu wa London, yakapigwa chapa mwaka 1856. Orodha yasema waziwazi: Elizabeth alikuwa binti wa John Tilley. Jiwe lilikuwa limesema uongo.

Hata hivyo, akina Tilley walitoka wapi? Uingereza ilikuwa na watu wengi wa jina hilo, na jina peke yake si ushahidi. Hapa tuangalie hila njema ya watafiti. Bradford alitaja ya kuwa ami yake Elizabeth, Edward Tilley, alifuatana na mkewe na watoto wawili wa jamaa zao, mmoja wa jina la Samson na mwingine wa jina la Cooper. Basi ilipasa kutafuta kijiji ambacho majina yote matatu yalikaa pamoja. Mwaka 1976 mtafiti Robert Leigh Ward alitangaza kijiji hicho: Henlow, katika jimbo la Bedfordshire. Kitabu cha kanisa la Henlow kinaonyesha kwamba Elizabeth, binti wa John Tilley, alibatizwa tarehe 30 Agosti, 1607.

Mwenye shaka ataweza kusema kuwa huyu ni Elizabeth mwingine. Lakini tusome wasia wa mjane Howland, ulioandikwa Desemba 1686, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Mwenyewe ataja umri wake: miaka 79. Toa 79 katika 1686, utapata 1607. Mwanamke mzee wa Amerika na karani wa kanisa la Uingereza, ambao hawakuweza kupatana wadanganye, wanatoa hesabu moja.

Kitabu cha Henlow kilitupa na jambo jingine. Bradford alipomwandika mama yake Elizabeth alisema tu "mkewe", wala hakumtaja jina, na wale wachonga jiwe walimsahau kabisa. Katika kitabu cha kanisa, ndoa ya John Tilley imeandikwa mwaka 1596, na jina la bibi arusi lipo. Aliitwa Joan, wa ukoo wa Hurst.