Kambarage

Kambarage ni jina la kiume la Wazanaki wa mkoa wa Mara, mashariki mwa Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Kila Mtanzania analijua, ila si wengi waliopewa jina hilo. Limezoeleka zaidi likiwa limekaa katikati ya Julius na Nyerere.

Asili yake ni mzimu wa mvua. Rais wa kwanza wa Tanganyika, Julius Nyerere, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, katikati ya masika, na simulizi maarufu husema aliitwa hivyo kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku hiyo. Simulizi hilo ni tamu, ila limeruka hatua moja. Kwanza mtoto aliitwa Mugendi, yaani mwenda kwa miguu. Jina hilo halikudumu. Mpiga ramli, ambaye Wazanaki humwita omugabhu, alishauri libadilishwe, na ndipo akapewa Kambarage. Mzimu wenyewe, kwa mujibu wa wenyeji, ni wa kike. Jina la kiume tulilolizoea leo lilitoka kwa mwanamke, na hakuna aliyeona ajabu.

Kumpa mtoto jina kutokana na tukio la wakati wake kulikuwa desturi ya nyumba ile. Baba yake, Nyerere Burito, alizaliwa mwaka 1860, viwavijeshi walipovamia mashamba, na nyerere kwa Kizanaki ndiyo viwavi hao. Alikuja kuwa chifu, akaoa wake 22. Mugaya, mama wa Kambarage, alikuwa wa tano.

Mtoto alipoanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, jina la baba likafuata nyuma ya lake, na hivyo jina la mdudu mharibifu likawa ubini wa familia. Julius lilichelewa zaidi: alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake, akiwa kijana wa miaka 21. Ubatizo haukulifuta jina la mzimu. Kambarage lilibaki kwenye nyaraka za serikali na vitabuni, hadi kwenye kifupisho J. K. Nyerere.

Watoto wake nao walipewa majina ya aina mbili, la ubatizo na la nyumbani: Andrew Burito, Charles Makongoro, Anna Watiku. Burito lilikuwa sehemu ya jina la baba yake Julius.

Leo Kambarage ni jina la mahali zaidi kuliko la mtu. Zipo shule kadhaa zenye jina hilo, na Shinyanga kuna Uwanja wa Kambarage, ambako Stand United imecheza mechi zake za nyumbani. Shabiki akisema "twende Kambarage", anazungumzia mpira.