Tawi Linalokauka na Ua Lisilokauka

Katika mazishi mengi ya Kikristo nchini Tanzania, kaburi likishafukiwa na msalaba kusimikwa, makundi huitwa moja moja kuweka mashada: mjane, watoto, wajukuu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu. Siku hizi mengi ya mashada hayo ni duara la waya, maua ya plastiki na utepe wa nailoni. Masika yakipita, rangi imefifia, plastiki ipo palepale.

Waislamu wana simulizi nyingine. Hadithi iliyopokewa na Bukhari yaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye makaburi mawili, akapasua kuti bichi la mtende, akachomeka kipande katika kila kaburi, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu vipande havijakauka. Wako wanazuoni wanaosema tendo hilo lilikuwa lake peke yake. Wengine huliona mfano wa kufuatwa, ndiyo maana utakuta tawi bichi au mrehani juu ya kaburi. Kinachonigusa ni lile sharti: maadamu havijakauka. Heshima ya tawi imo katika ubichi wake, na ubichi una mwisho. Ua la plastiki halina ubichi wa kupoteza.

Anayetaka alama ya kudumu akajifunze Uchagani. Mmea wa isale hupandwa kaburini, katika kihamba (shamba la nyumbani) cha marehemu, ukashika mizizi na kuendelea kuchipua.

Hata ubichi una kasoro yake. Uingereza maua ya msiba mara nyingi ni mabichi, lakini kwa miaka mingi yamechomekwa kwenye sponji ya kijani. Sponji hiyo ni plastiki. Husagika ikawa chembe zinazobaki ardhini. Chama cha Kifalme cha Bustani kiliipiga marufuku katika maonyesho yake kuanzia 2021, yale ya Chelsea yakiwemo, na wapangaji maua wengine wamerudia duara la vijiti vya mwerebi. Kwa hiyo ua bichi pekee halitoshi. Tuulize limeshikiliwa na nini.

Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na bado plastiki tunaiweka juu ya wazazi wetu. Nawaomba wanakamati wa mazishi: mnapogawa kazi za jiko, turubai na usafiri, wapeni wajukuu kazi ya kusuka mashada. Majani makavu ya mgomba yatatosha kuwa duara, kamba ya mkonge itafunga, na maua yachumwe uani kwa marehemu mwenyewe.