Nyumba ya Twiga ya Regent's Park

Tarehe 24 Mei 1836, twiga wanne waliteremshwa melini London, wakatembezwa mitaani hadi bustani ya wanyama ya Regent's Park. Polisi waliwasindikiza. Waliowashika kamba ni Wanubi waliokuwa nao tangu Sudan, na mbele yao Mfaransa Thibaut, aliyepewa kazi ya kuwatafuta na Jumuiya ya Zoolojia ya London. Njiani walimwona ng'ombe akila majani, wakashtuka.

Safari yao ilianza Kordofan, huko Sudan, mwaka 1834. Thibaut aliwategemea Waarabu wa huko, waliojua kumfukuza twiga kwa farasi. Mama aliuawa na nyama yake ikaliwa. Mtoto akafungwa kamba, akazoezwa taratibu kumfuata mtu, akanyweshwa maziwa ya ngamia. Twiga watano wa kwanza walifikwa na baridi ya Desemba jangwani, wakafa wanne. Ikabidi warudi nyikani kutafuta wengine watatu. Kisha ukafuata mto Nile, kisha bahari, kisha kungoja Malta. Historia ya jengo hili ni lazima ianzie hapo, kwa kuwa kila tofali lake liliwekwa kwa ajili ya wale wanne: Zaida, jike, na madume Selim, Mabrouk na Guib-allah.

Aliyepewa kuwajengea ni msanifu Decimus Burton, na nyumba yao ikajengwa mwaka 1836 na 1837. Ni jengo la matofali, paa lake limetokeza mbele ya kuta, halina nakshi za kushangaza. Kinachoshika jicho ni milango: mirefu karibu mita 5, myembamba, imepangwa bega kwa bega. Twiga hupita bila kuinama. Burton alikuwa fundi wa majumba ya wakubwa, lakini hapa alianza na shingo ya mnyama, ndiyo maana ninamheshimu.

Mwaka 1839 Zaida alizaa. Mtoto aliishi siku chache tu, akafa. Hakukata tamaa yeye wala watunzaji wake. Mwaka 1841 alizaa tena, na safari hii mtoto akakua. Mimba ya twiga huchukua miezi kumi na mitano hivi, kwa hiyo uvumilivu ulikuwa wa pande zote.

Mwaka 1850 jirani mpya aliletwa: kiboko Obaysch, aliyekamatwa mto Nile, akawekwa jirani kabisa na twiga. Ulaya haikuwa imemwona kiboko hai tangu enzi ya Warumi. Mwaka uliotangulia wageni wa bustani hawakufika 170,000. Mwaka huo walizidi 360,000. Lakini nyumba ya twiga ilipatwa na msiba mwaka 1866, moto ulipozuka ndani na kumuua twiga jike pamoja na mtoto wake.

Vita Kuu ya Pili haikulipitia mbali jengo hili. Mabomu ya mwaka 1940 yaliliharibu, na likaja kutengenezwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1960, sura yake ya Burton ikabakizwa. Leo linalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria.

Humo humo bustanini yako majengo yaliyosifiwa zaidi. Bwawa la pengwini la Berthold Lubetkin, la mwaka 1934, lina vijia vya zege vinavyopishana hewani. Pengwini waliondolewa mwaka 2004. Nyumba ya tembo ya Hugh Casson, ya miaka ya 1960, iliagwa na tembo mwaka 2001, wakahamishiwa Whipsnade penye nafasi. Nyumba ya Burton, isiyopigiwa tarumbeta, iliingia karne ya 21 ikiwa bado na twiga.

Kwa sisi wa pwani, kumsafirisha twiga baharini si habari ngeni: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka mmoja mpaka kwa mfalme wa China. Tofauti ni kwamba London ilimjengea nyumba yenye kimo chake, na mwaka 2006 ikaongeza jukwaa la juu, mgeni apande hadi uso wake ulingane na uso wa twiga.