Mikoko (ikolojia)

Msitu wa mikoko ni mfumo ikolojia wa pwani za tropiki, unaoota katika hori, ghuba zilizokingwa na mawimbi na delta za mito, ambako ardhi hufunikwa na bahari inapojaa na kubaki wazi inapokupwa. Sura ya msitu huo hutokana na visababishi vya aina mbili: visivyo hai, kama vile chumvi, udongo, joto na mvua, na vilivyo hai, yaani mimea, wanyama na vijidudu, ambavyo kwa pamoja huitwa jamii ya viumbe.

Visababishi visivyo hai ndivyo huchuja kwanza miti inayoweza kuota hapo. Tope lililolowa karibu halina oksijeni, na kiasi cha chumvi hutegemea bahari inafika mara ngapi na mto unaleta maji baridi kiasi gani. Kwa hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki miti hujipanga kwa mikanda: mlilana hukaa ukingoni mwa bahari, mkoko wenye mizizi mirefu iliyopinda kama matao hufuata, na mkandaa huota juu zaidi. Mchu, ambao hutoa chumvi kupitia majani yake, huvumilia hata sehemu za nyuma zinazofikiwa na maji ya bamvua pekee, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Tanzania, msikundazi hustawi pale maji ya mto yanapopunguza chumvi.

Viumbe navyo hubadilisha makazi yao. Mizizi hupunguza kasi ya maji, tope likatua na ardhi ikainuka. Kaa huburuta majani yaliyoanguka hadi mashimoni, hivyo rutuba haichukuliwi yote na maji, na mashimo yao huingiza hewa ardhini. Lakini kaa haohao hula miche, na kwa njia hiyo huathiri mti upi uote wapi. Binadamu naye, kwa kukata boriti zilizonyooka, huacha nyuma miti iliyopinda.

Uwiano kati ya visababishi vya aina hizo mbili una mipaka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, na mikoko mingi ikafa, kwa kuwa tope, ambalo likija kidogo kidogo huujenga msitu, lilifukia mizizi ya kupumulia.